Keki ya Siku ya Haki

Johannesburg, 20 Machi 2017

Dada Aimerance,

Tunapumua kwa neema ya Mungu. Kitenge ulichotuma kutoka nyumbani kimefika, nilikivaa Jumapili kanisani na wamama wakakisifu.

Kesho huku ni sikukuu ya Haki za Binadamu, kwa hiyo leo katika darasa langu la chekechea nilikata keki kuwafundisha watoto kugawana sawasawa. Kazi ya kugawa nilimpa Lwazi, mwenye miaka minne. Akaipita sahani ya Murielle wangu.

"Na huyu je?" nikauliza.

"Baba anasema wageni wanamaliza vitu vyetu."

Mwenye shule akacheka. "Eish, Mama, ni watoto tu!"

Nikamkatia Murielle kipande mwenyewe. Hakukila. Alikipeleka kwa Lwazi, akamwomba msamaha kwa Kizulu.

Dada, mtoto huyu amezaliwa hapahapa. Wala hakulia; angelia, ningejua la kumwambia. Jioni nimempikia ugali na majani ya sombe. Akaitazama sahani, akaniuliza, "Mama, mimi nikila, nani atakosa?"

Nimepiga magoti kuomba na maneno hayaji. Niombee wewe.

Mdogo wako,
Nsimire