Kosa la Mamluki, Adhabu ya Rashid

Jumanne, 8 Disemba 1970

Mazoezi baada ya alasiri, Ruwi, mchanga mtupu. Mpira mmoja tu, nao umetiwa kiraka. Golikipa bado anaruka kafumba macho. Nimemwambia mpira haung'ati. Wamekuja wote ila Rashid, ana homa. Hilal anajiona kepteni wa dunia nzima, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: miguu anayo.

Wote wanafunzi wangu wa darasa la ukarani. Wengi wametoka Unguja, wakapitia Dar au Dubai mpaka huku pwani ya Waarabu, kwa babu zao, na wenyeji wanawaita Zinjibari, watu wa Unguja, hata kabla hawajasema neno.

Ijumaa tunacheza na timu ya Bustan. Mimi sitakuwapo. Kuna harusi kijijini Yiti, ya jamaa za mke wangu, na harusi ya ukweni huikosi ukabaki na amani nyumbani. Timu nimemwachia Hilal. Nimewasomea tena sharti la mashindano: hachezi asiyekuwa mwanafunzi wa chuo. Wameitikia kwa sauti moja. Sauti moja kama ile siku zote hunitia wasiwasi.

Ijumaa, 11 Disemba

Yiti. Wali, samaki wa kuchoma, ngoma tangu asubuhi. Bwana harusi kajificha kwa haya, kapatikana jikoni. Mimi mwili uko hapa, roho iko Ruwi. Mke wangu, Moza, kanambia, "Unatafuna huku unacheza mpira." Kweli.

Jumamosi, 12 Disemba

Tumeshinda mbili kwa moja. Furaha yangu haikufika adhuhuri.

Hilal kaleta mamluki. Binamu yake, anafanya kazi Dubai, kaja kumtazama mama yake kisha anarudi. Kwetu Unguja hii haikuwa habari. Timu ikiwa pungufu mnaazima mtu mtaa wa pili, mchezo ukisha mnampa chai na mkate wa mofa, mnamshukuru mbele ya watu, naye anakwenda zake. Hilal kafuata ada ile ile. Kamwendea Rashid kitandani, kamwambia fulana yake inatakiwa kwa mchezaji wa akiba. Rashid katoa, na homa yake, bila ya kuuliza. Uwanjani refa kauliza huyu nani. Hilal kasema, huyu Rashid.

Mamluki katia bao zote mbili. Kisha, mjinga yule, kakaa kula tende na wachezaji wa Bustan. Wakamsifu. Akawajibu, ahsanteni ndugu zangu, mimi mgeni tu, kesho narudi kazini Dubai.

Lo! Nimecheka kwanza. Halafu nimekasirika mpaka masikio yamekuwa ya moto. Hilal namuuliza sharti hukulisikia? Ati, "Nimelisikia, maalim, lakini si unajua mpira wetu." Najua. Ndiyo maana nimelisoma mara mbili.

Jumatatu, 14 Disemba

Kamati ya mashindano imetoa hukumu. Ushindi tumenyang'anywa. Haki. Sina neno.

La pili: Rashid, aliyetoa fulana na jina, atolewe chuoni kabisa, iwe funzo kwa wengine. Siku yake ya mwisho chuoni ni Jumapili. La tatu: Hilal kapewa onyo.

Onyo! Aliyepanga, aliyevisha, aliyesema uongo mbele ya refa, anaonywa. Aliyelala na homa anafukuzwa. Ammi yake Hilal ni mtu mkubwa serikalini, na Rashid ammi yake ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Nimemwendea mkuu wetu wa chuo, Ustadh Mbarak. Si mtu mbaya. Kakuna ndevu, kasema chuo kichanga, uwanja wa watu, kamati ya watu, tukibisha tutaonekana tumekuja kuwafundisha adabu kwao. Nikamwambia na sisi ni kwetu. Kakuna ndevu tena.

Jumanne, 15 Disemba

Nimekwenda kumtazama Rashid. Homa imeshuka, uso umekuwa mdogo. Ana chumba kimoja Matrah, mkeka na sanduku.

Hakulia wala hakulalamika. Kauliza swali moja tu, akitolewa chuoni, lile ombi la mama yake litakuwaje. Mama yake na dada zake wawili wako Dar, wamepanga kwa watu. Chuo ndicho kitakachomwombea ruhusa ya kuwaleta, kwa kuwa yeye ni mwanafunzi wake. Asipokuwa mwanafunzi, hana wa kumwombea. Nimemwambia tutaona. Neno la kipuuzi, "tutaona".

Nimetoka nna hasira na kila mtu, hata na bibi harusi wa Yiti.

Jumatano, 16 Disemba

Tumekwenda kwa Shekhe Zahran, mimi na Ustadh Mbarak. Yeye ndiye mkubwa wa kamati. Mtu wa milimani, mzee mkavu, hana makuu. Neno lake moja linatosha kuibadilisha hukumu.

Katupokea vizuri mno. Tumekaa chini, ikaja halua, ukaja mdila wa kahawa. Tukala. Tukanywa finjani ya kwanza, ya pili, Ustadh akanywa na ya tatu, akasifu iliki. Halafu ndiyo nikaanza maneno yangu, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Nimesema adhabu imemkosa mwenye kosa. Nimesema habari ya mama yake Rashid.

Shekhe kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza kama mvua imenyesha Yiti.

Nikarudia. Akasema inshallah mvua itafika na huku. Basi. Katusindikiza mpaka mlangoni, katuombea dua. Njiani Ustadh kasema la kuvunda halina ubani. Sijapata kukataliwa kwa adabu kiasi kile.

Alhamisi, 17 Disemba

Mkwe wangu, Bi Thuwaiba, kacheka mpaka kashika mbavu.

Yeye alizaliwa Unguja, lakini kaletwa huku kuolewa angali msichana, na umri wake wote kaumalizia milimani. Nilikuwa namhadithia Moza yaliyotokea. Bibi kaniuliza kutoka kule kwenye mchele wake, "Kahawa mmekunywa?" Nikamwambia tumekunywa, tena nzuri. "Kabla ya kusema shida yenu?" Kabla. Hapo ndipo alipoanza kucheka.

Kumbe huku mtu aliyekuja na shida haigusi finjani. Huiweka chini mbele yake. Mwenye nyumba akiona haikunywewa huuliza una nini, na hapo ndipo unaposema. Akikubali, unakunywa. Ukishakunywa kabla, umemwambia huna haja yoyote, umekuja kumsalimia tu. Shekhe si kwamba katudharau. Kaona tumemaliza mambo yetu, kisha tunapayuka.

"Nyie watoto wa karafuu," kasema Bi Thuwaiba, "mkiona halua akili inatoka."

Nimeona haya. Umri huu, maalim mzima. Nimeshangaa pia: Hilal kafuata ada ya kwao pahala pasipo pake, na mimi nimekwenda kumtetea Rashid kwa kufanya vile vile.

Jumamosi, 19 Disemba

Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimerudi kwa Shekhe. Safari hii nimemchukua Hilal. Njia nzima nimemwelekeza: finjani usiiguse, na ukiulizwa useme kwa ulimi wako kuwa kosa ni lako. Rashid atasalimika, wewe utafungiwa mpira tu, chuoni utabaki. Akasema ndiyo maalim, ndiyo maalim.

Mdila umekuja. Yangu nimeiweka chini. Hilal kaichukua yake, kainywa yote, kaitikisa kidogo kuonesha imemtosha, kairudisha. Hakunitazama.

Shekhe kamwangalia. Kisha kaitazama finjani yangu. Mtu wa kahawa kasimama na mdila wake, hajui aende wapi.

"Suleiman," akaniita jina langu, "una nini?"

Nikasema. Safari hii sikupamba. Rashid alikuwa mgonjwa, alidanganywa, na adhabu ya mpira imekwenda kukata riziki ya mama yake. Mpira uadhibiwe kwa mpira.

Shekhe kasema hukumu ikishatoka haiwezi kurudi mikono mitupu, lazima ipate mtu wa kuibeba. Akauliza nani. Nimesubiri. Wallahi nimesubiri. Hilal kaukodolea macho mkeka.

"Timu ilikuwa ya nani siku ile?"

"Yangu."

"Ulikuwapo?"

"Sikuwapo, Shekhe. Nilikuwa harusini."

"Basi ndilo kosa lako."

Kanifungia mimi. Nisikanyage uwanja, mazoezi wala mashindano, mwaka huu na msimu unaokuja. Rashid abaki chuoni, abaki na timu. Kaniuliza nimeridhika? Nikasema nimeridhika, na kahawa nimekunywa. Ilikwishapoa.

Nje nimemwuliza Hilal kwa nini. Kasema, "Nilikuwa na kiu, maalim." Nimemtazama, nikaona ni mtoto, anamuogopa ammi yake kuliko anavyomuogopa Mungu. Nilitaka kumpiga kofi. Sikumpiga. Nimemwambia aende nyumbani.

Mkubwa ni jalala, ndivyo wanavyosema. Lakini jalala nalo lina harufu yake, na leo inanikera.

Jumapili, 20 Disemba

Ustadh Mbarak kanikumbatia. Kasema ombi la mama yake Rashid litakwenda wiki hii hii. Kauliza vijana tuwaambieje. Nimemwambia waambiwe Shekhe kamsamehe Rashid, na mimi nimejiuzulu, nimechoka. Namjua Rashid. Ana kiburi cha mtu asiye na kitu. Akijua, atakwenda mwenyewe kwa Shekhe kusema hataki kubebewa, na kazi yote itakuwa bure. Mama yake akishafika, Rashid na ajue atakalo.

Nimewaaga darasani, maneno machache. Wameguna. Hilal alikuwa mstari wa mbele, kalamu mdomoni. Rashid alinyanyuka. Kasema mbele ya wote, kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Tumenyang'anywa ushindi siku moja tu, maalim, na wewe ushatukimbia."

Nikasema fungueni kitabu. Tumesoma barua za biashara mpaka kengele.

Nimeumia. Naandika ili nisiseme.

Jumatano, 23 Disemba

Alasiri sijui niifanye nini. Nimetengeneza bawaba ya mlango, ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Moza kaniambia nitembee. Nimetembea, miguu imenipeleka njia ya Ruwi, nimerudi katikati.

Nnafikiri sana habari ya haki. Kamati ilitaka adhabu iogopeshe. Shekhe katafuta adhabu ibebeke. Hapana hata mmoja aliyemgusa mwenye kosa. Hilal anacheza Ijumaa, na kitambaa cha ukepteni anacho mkononi. Ningekuwa mimi ndiye kamati, ningemkalisha michezo mitatu, akawafulie wenzake fulana, yakaisha. Nani kaniuliza?

Hata hivyo Rashid kaja darasani leo. Kakaa pale pale pake. Hajaniangalia, lakini kaja.

Ijumaa, 25 Disemba

Nimesali, nimekula, nimekaa ndani. Upepo mzuri wa baridi. Bi Thuwaiba kanipa mchele nichague mawe, ati mikono isiyo na kazi huleta maradhi. Nimechagua.

Karibu na magharibi nimesikia vijana wanarudi, wanaimba. Nimejua wameshinda kabla ya kuelewa maneno. Nikatoka mlangoni. Waliponiona wakapunguza sauti, mmoja mmoja wakanisalimia, wengine kwa haya. Rashid alikuwa wa nyuma kabisa, goti limechubuka, mchanga mpaka kwenye nyusi. Ameshapata nguvu, mashavu yamerudi.

Nimemuuliza nani katia bao.

"Hilal," kasema. Kisha, kwa kuwa mama yake kamlea vizuri, akaongeza, "Shikamoo, maalim."

Nimeitikia marahaba. Akawafuata wenzake. Nimesimama pale mpaka wamekata kona, nikarudi kumaliza mchele.