Kiambatisho cha Kwanza: Dagaa Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenaswa langoni mwa hospitali! Mlinzi alipopekua kikapu, alikuta dagaa wa kukaanga wamefichwa chini ya nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Chakula cha nje hakipiti tena, tangu wodi nzima ilipoharishwa na kuku wa shangazi wa mtu. Mke wangu akamwambia: basi kula wewe, labda roho yako italainika. Mlinzi alicheka sana — na hakumpisha.

Binti yetu amelazwa wiki ya tatu sasa, na imebaki miezi miwili ajifungue. Damu yake ni kidogo. Mkunga ametueleza kwamba, pamoja na vidonge, angefaidika mno na samaki wadogo wanaoliwa wazima, mifupa na vichwa. Jikoni mwa hospitali hupikwa viazi na kabichi. Jumapili hubadilishwa: kabichi na viazi.

Nimeazimia kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Nilifunga duka mapema; saa za watu zitasubiri. Rasimu ya tatu ndiyo iliyonyooka: "Mimi mwenye sahihi hapo chini, fundi saa, baba wa mgonjwa wa kitanda namba tisa, naleta kwa heshima mbele ya Kamati ya Chakula ombi la kuingizwa dagaa katika mlo wa wodi ya wazazi, walau mara tatu kwa wiki."

Aya ya pili, juu ya damu na mifupa, ilikwenda vema. Aya ya tatu ilinikwamisha. Je, hospitali zote zikila dagaa, hawataisha? Sikutaka kuandika nisilolijua. Nikaenda sokoni kwa Bi Magamba, muuza samaki asiyepaka mtu mafuta.

"Fundi, dagaa huzaliana upesi kuliko umbea wa mtaa huu," alisema, mikono ikichambua. "Tatizo ni wavu, na wanaovua hata miezi ya kupumzisha maji, samaki wakitaga. Ukikuta humu vitoto vya samaki wakubwa, jua wavu ulikuwa wa kimia, wa matundu madogo mno. Usinunue hata ukibembelezwa." Akaokota kimoja, akakitupa pembeni, akamtukana aliyemuuzia pamoja na boti lake.

Nimeandika: "alimradi nyavu ziwe halali na miezi ya kupumzisha maji iheshimiwe." Aya imekaa kama gurudumu ndani ya saa.

Nimeongeza Kiambatisho cha Kwanza: bahasha ya dagaa waliokaangwa, arobaini kwa idadi, ili Kamati ijionee.

Jumatano, 5 Machi

Langoni. Mlinzi: "Mzee, hiki ni chakula." Nikamjibu: "La. Ni kiambatisho." Alisoma bahasha, akanitazama, akaisoma tena. Akapisha!

Mke wangu, kusikia hivyo: "Kumbe! Basi peleka kiambatisho moja kwa moja hadi kitanda cha tisa!" Nilikataa. Wodi ina wajawazito kumi na watatu, na kabichi ni ya wote. Aliniita kichwa kigumu. Hata hivyo ndiye aliyewakaanga vizuri hivyo.

Karani wa masjala aligonga muhuri wa kupokea. Sauti tamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa masjala. Karani, uso mkavu kabisa: "Mzee, kiambatisho hakilingani na maelezo. Umeandika arobaini. Wamo wanane."

Niliuliza faili lilipita wapi. Kwa katibu, akasema, kwa mhasibu, kwa bwana stoo. Na kwake? "Kwangu lililala usiku mmoja tu." Midomo yake iling'aa mafuta.

Hesabu isipolingana, faili haliendi mbele ya Kamati. Kwa hiyo nimeandika Nyongeza, na mke wangu amerudi jikoni. Anasema hajawahi kulisha ofisi yenye njaa namna hii. Sikulalamika kwa maandishi. Kwa hakika nimefarijika: wanne wamekwisha kulipitia ombi langu kwa kina.

Jumapili, 9 Machi

Saa ya kuona wagonjwa. Binti: "Baba, kweli umewaandikia dagaa barua?" Alicheka hadi akashika tumbo. Kisha alisimama kunisindikiza — hatua tatu, akashika chuma cha kitanda. Kucha zake nyeupe kama karatasi. "Kizunguzungu tu, Baba. Nenda."

Jirani yake wa kitanda cha kumi aliomba kalamu. Wajawazito wote kumi na watatu wametia sahihi.

Jumatano, 12 Machi

Mpishi mkuu hataki. Ni mama mnene wa sauti, mwenye mwiko mrefu kama kasia. "Dagaa ni chakula cha kuku! Mwenyekiti wa Kamati mwenyewe hawagusi hao."

Nikasema: "Mama, kuku wakilishwa dagaa hutaga vizuri. Nasi wodini tumelaza watu wafanye nini?"

Alinitumbulia macho. Kisha mwiko ukaanza kutikisika kwa kicheko. Akakiri kwamba dagaa huwapika kwake kila wiki. Hospitalini hajawahi kuombwa kwa maandishi. Kwa maandishi! Ningalijua ningalianzia kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Kamati imo ndani, mlango haukufungwa vizuri. Leo asubuhi karani na mimi tulihesabu pamoja: arobaini kamili.

Mwenyekiti anasoma kwa sauti. Aya ya kwanza. Ya pili. Kwenye "nyavu ziwe halali" amesita, akarudia polepole. Sasa anasema yeye binafsi hajawahi kula kitu kinachomkodolea macho.

Mpishi mkuu: "Basi fumba yako, bosi."

Kicheko. Bahasha inachanwa. Halafu: kra! Kra, kra.

"Katibu, hebu kisogeze tena hicho kiambatisho."

Karani amechungulia nje, ananinong'oneza: Mwenyekiti anauliza kama kuna ndimu.

Nimemtumia mke wangu ujumbe wa simu. Alikuwa karibu, sokoni kwa Bi Magamba. Amekwisha fika langoni, ndimu mbili mkononi. Namsikia hadi huku. Mlinzi amemzuia. Anataka kujua ndimu zimo katika aya ya ngapi.

Nimeweka karatasi juu ya goti. "Nyongeza ya Pili. Kwa heshima na taadhima, na kwa haraka —"