Kiti cha Mbele

Binti yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Mama mkwe wako amepona kikohozi na amerudia kugombana na majirani.

Siku ya kuwakumbuka askari waliouawa vitani imekaribia. Kwenye kikao cha maandalizi mwenyekiti aliniambia, "Mzee, mkweo kashaolewa, si mjane tena. Mwaka huu shada la mwanao liweke wewe, ukae kiti cha mbele."

Mimi niliyekuhimiza uolewe tena niliitikia kwa kichwa.

Nilipomweleza mama mkwe wako, alinijia juu. "Unamwambia aolewe, kisha unamnyang'anya kiti? Mwili wa mwanetu ulipoletwa, wewe ulijifungia chumbani. Nani alikwenda kuutambua?"

Ulikwenda wewe, peke yako.

Sasa amekataa kulipiga pasi koti langu la sherehe. Nikirudi kwa mwenyekiti nitaitwa kigeugeu. Nisiporudi, nitasimama mahali pako mbele ya watu wote. Najua ungependa kukata tiketi ya basi mapema. Naona aibu kukuomba usubiri, lakini nakuomba. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Wako,
Baba mkwe