Nyundo Uliyolala Nayo

Babu,

Nyundo iliyo chini ya mkono wako wa kulia si yako. Ni ile niliyofua mimi, ile uliyosema ni ya kupondea karanga. Yako ninayo hapa Kihesa, nyuma ya jiko la Mama, nimeificha chini ya karai lililotoboka, na jana nimefulia kazi. Sijamwambia Mama. Sijamwambia padri. Nakwambia wewe kwa sababu ndiye niliyekuibia, na kwa sababu huwezi tena kunicheka mbele ya watu.

Kamwene, Babu. Najua barua huanza na salamu, lakini ningeanza na salamu ningeishia hapo hapo. Unanijua. "Huyu mtoto hata jina lake ukimuuliza mpaka afikirie," ulikuwa ukiwaambia wateja pale Ilula, nao wanacheka, na mimi naendelea kuzungusha gurudumu la feni ya kupulizia moto wako, macho kwenye makaa.

Kwenye ukoo wetu mhunzi hazikwi mikono mitupu. Mpini wa nyundo huchomolewa, unabaki kwa mrithi. Kichwa chake hufungwa kwenye kaniki, kinawekwa chini ya mkono uliokishika maisha yote. Na anayekifunga ni yule aliyekuwa akimpulizia moto. Sidhani kama uliwahi kufikiria kwamba huyo atakuwa mimi. Wajukuu wa kiume uliwafundisha kupiga, sisi wa kike ulituweka kwenye gurudumu, na wengine wote walishaolewa, nikabaki mimi wa likizo. Shangazi alipofika kutoka Mbeya alinikabidhi kitambaa akasema, "Haya Devota, kafunge, na machozi yako yasidondokee humo."

Hayakudondoka. Niliingia jikoni kwa Bibi. Nyundo yangu ilikuwa kwenye kapu la miiko, imepakaa mafuta ya mifupa. Niliichomoa mpini, nikaifunga mizunguko mingi mpaka ikanenepa. Yako niliitumbukiza kwenye begi la shule. Baba Mkubwa aliyepokea kifurushi alikuwa analia sana, hakuhisi uzito umepungua. Nilisimama kwenye udongo mwekundu nikaona wanakushusha na kazi yangu, nikawaza neno moja tu: sasa pondea karanga.

Sikuwa na huruma siku ile, Babu. Nakwambia ukweli.

Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka Mgololo kumzika rafiki yako? Ulipoondoka nilimwomba Bibi anizungushie gurudumu. Alikataa, akaja. Nilikata kipande cha ekseli ya lori kwenye rundo lako la vyuma chakavu. Kutengeneza umbo haikuwa shida. Shida ilikuwa tundu la mpini. Unapiga chombo cha kutobolea, chuma kinapoa, unarudisha motoni, unapiga tena, na kila ukirudi tundu limekimbilia upande. Vipande viwili viliharibika. Cha tatu kilikubali, tundu limelalia kidogo lakini limepita. Bibi alikuwa amelowa jasho, akasema, "Mwenzio sijawahi kuona mtu anagombana na chuma namna hii."

Nilikuletea mkononi hata hujavua koti. Festo alikuwepo, na wateja wa matenga ya nyanya walikuwepo. Ukaipima kwenye kiganja, ukaichungulia tunduni kama mtu anayetazama tobo la ukuta. Ukasema, "Hii ni nyundo ya kupondea karanga. Mpelekee bibi yako jikoni." Festo, mjukuu wako mpendwa, alicheka mpaka akakaa chini. Bibi aliipokea, akaanza kuvunjia mifupa ya supu. Alisema inavunja vizuri.

Na kovu hili hapa kiganjani, unalikumbuka? Nilikuwa darasa la sita. Uliniambia nishike jembe lililolala kando ya moto. Halikuwa jekundu. Lilikuwa jeusi, limetulia, kama chuma kingine chochote. Nikalishika. Ngozi ilibaki juu yake. Ukasema, "Chekundu kinakuonya. Cheusi hakina huruma. Sasa umejua." Ukaendelea na kazi. Mama anasema ndivyo wazee walivyofundisha, na kwamba hukunichukia. Inawezekana. Lakini Festo ulimwambia kwa mdomo. Nilikuwepo, nilisikia: "Mwanangu, angalia hilo, bado lina moto."

Ngoja nikueleze ya huku.

Kibanda chako kimekuwa stoo ya matenga. Gurudumu la feni watoto wamelichukua wanalikimbiza barabarani. Mpini wako alipewa Festo kama desturi inavyotaka, autafutie kichwa kipya. Hakuutafutia. Mara ya mwisho niliuona umewekwa chini ya tairi la pikipiki yake, kuzuia isiteremke.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama alidhani nitakaa saluni nijifunze kusuka. Nakaa, nasuka, lakini jioni nawasha moto wangu. Nimetumia rimu bovu la gari, nikalipaka udongo wa kichuguu ndani. Upepo natumia draya la saluni lililoacha kutoa joto, nimelichomeka kwenye bomba la chuma. Ungeliona ungecheka wiki nzima. Fuawe yangu ya kupigia chuma ni kichwa cha ekseli nilichokizika nusu kwenye gogo la mkaratusi. Mama anawaambia majirani ni hobi, kama wengine wanavyofuma vitambaa. Majirani wanasema binti wa watu ameathirika na msiba.

Nilianza na ndoano za kutundikia sufuria. Nikafuata koleo, miguu yake haikutaka kulingana mpaka nikalia. Kisha nikajaribu kisu kwa spring ya lori. Nilikifua kizuri, Babu, kilikuwa kimenyooka kama jani la muwa. Nikakizamisha kwenye ndoo ya maji, kama ulivyokuwa unafanya na majembe yako yote. Kikalia. Mlio mdogo, kama kikombe kinapopasuka ndani ya maji ya moto. Ufa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Kwenye simu nikaja kujifunza kwamba spring haitaki maji, inataka oil. Nikaomba oil chafu gereji. Cha pili kikasalimika. Kumbe hata wewe kuna vyuma hukuvijua. Nilifurahi kugundua hilo, na furaha yangu haikuwa nzuri.

Lakini nyundo yako, hata nilipoitia mpini mpya, ilinitesa. Uso wake umelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Kila nilichopiga kilipinda kushoto. Nilitaka kuunoa ukae sawa, nikashindwa, mkono uligoma. Ikabidi nikumbuke ulivyokuwa unasimama: mguu wa kulia nyuma, kiwiko karibu na ubavu, kifundo cha mkono kimelazwa kidogo. Nilipokilaza changu namna hiyo, chuma kikanyooka. Ulininyima kazi hii ukiwa hai. Sasa unanifundisha kwa lazima, na huwezi kukataa.

Sasa Festo.

Aliteleza na pikipiki kwenye mteremko, mvua za kwanza. Mguu umewekewa vyuma. Siku ile ile maneno yakaanza. Shangazi alipiga simu kutoka Mbeya, sauti ya juu, kila mtu anasikia: "Baba anamtafuta mrithi wake. Nyundo haikimbiwi. Umemtupia mpini wake chini ya tairi, ulitaka akushukuru?" Baba Mkubwa naye akaamini. Festo akaamini kuliko wote. Alikwenda kaburini kwako na magongo yake, akamwaga pombe ya ulanzi, akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Bibi alinisimulia. Anasema usiku Festo anaamka akidai anasikia mtu anafua.

Sentensi moja tu ingemfungua. Ningesema: kama Babu ana hasira na mtu, ni na mimi. Sikusema. Nilikaa na hiyo sentensi mdomoni kama pipi. Nilijiambia mwache, alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akaja hapa Kihesa, kwa ajili ya kliniki ya mguu. Mama akampa kitanda changu. Mipira ya magongo yake imelika, na unajua matope ya huku, alianguka mara mbili kati ya mlango na choo. Jana akaja nyuma ya jiko, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Moto ulikuwa unawaka na nyundo ilikuwa juu ya fuawe. Sikupata muda wa kuirudisha chini ya karai.

Alinyoosha mkono akaichukua.

Babu, nilisubiri. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, nimeshaandaa na ukweli. Alikaa karibu na nyundo ile tangu utoto wake. Aliipiga kabla hajajua kuandika. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye uso wake, pale palipolika. Akasema, "Dada, hii walikuuzia mbovu. Imelika upande. Umeinunua wapi?"

Nikasema mnadani.

"Wamekupiga," akasema, akaiweka chini.

Ndivyo alivyoijua nyundo yako, mtu uliyemchagua. Nilipaswa kushusha pumzi. Badala yake nilipata hasira ambayo sikujua ni yangu au yako. Akaniomba nimfulie chochote cha kuvalisha ncha za magongo, zishike ardhi. Nikampa draya. Nikamwambia, "Puliza sawasawa, usilale." Akapuliza. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamume wa ukoo wetu kukaa upande ule wa moto, na mimi nikasimama upande wako.

Nilifua kofia mbili zenye jino katikati. Ya kwanza niliivalisha. Ya pili niliilaza kwenye udongo ipoe. Ikapoteza wekundu, ikawa nyeusi, ikatulia. Nikageuka kuchukua koleo na nikaona mkono wa Festo unaiendea. Niliuona vizuri. Muda ulikuwepo, Babu. Neno lenyewe ni fupi. Nilinyamaza.

Alipiga kelele, Mama akatoka na mikono yenye povu la shampuu. Na mimi kabla sijafanya lolote nilisikia sauti inasema, "Sasa umejua." Ilikuwa sauti yangu. Hata ile kukohoa kidogo mwishoni, kama wewe.

Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo. Unajua alisema nini? Hakunilaumu. Alisema, "Ni yeye tena. Ananifuata mpaka huku." Mtu mzima, ana ndevu, analia kwenye ndoo yangu ya kupozea vyuma. Hapo utamu wote ukaniishia. Nikamwambia, "Si Babu. Ni mimi. Nilikuona unashika, nikanyamaza." Nikamwambia pia kwamba Babu hana hasira naye, na kwamba kelele anazosikia usiku ni vyuma vya mguu wake na dawa za hospitali. "Unajuaje?" akaniuliza. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemfungia nyundo yake. Ningejua." Huo ndio ukweli wote nilioweza kuutoa. Uliobaki nimeshindwa, kwa sababu wangeichukua nyundo.

Leo asubuhi amekwenda chooni na magongo yake, hakuanguka. Zile ncha zinagonga sakafu ya saruji, ko, ko. Mkono wake umefungwa kitambaa. Hajanisemesha, lakini mlangoni aligeuka akasema, "Ile ya kushoto imekaa vizuri zaidi." Ni kweli. Ile ya kushoto ndiyo iliyomuunguza.

Babu, naanza kufunga barua. Nimekuwa mkali kwako, na sitafuta hata neno moja nililoandika. Nyundo sirudishi. Nitaitumia mpaka ilike upande wa pili, nikiweza. Nitajifunza vyuma ulivyovijua na vile usivyovijua. Lakini yeyote atakayekaa kwenye moto wangu, awe msichana au Festo mwenyewe, nitamwambia kwa mdomo kabla hajashika. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Lile neno lako, nimelisema mara moja, inatosha.

Lala salama. Siku yangu ikifika nitakuja nayo mwenyewe, na wewe utanirudishia ya kwangu. Itunze isipate kutu.

Na usimwambie mtu. Bibi bado anaitafuta ile nyundo ndogo kila akinunua mifupa, anasema wageni wa msiba hawana haya. Akitangulia kufika huko kabla yangu, akaiona mkononi mwako na kukuuliza umeipataje, usinitaje. Mwambie uliipenda, ukaichukua mwenyewe jikoni.

Mjukuu wako,
Devota