Bibi wa Langoni

Mbinga, 4 Machi 2024

Dada Devotha,

Shikamoo. Habari za Lundo? Dagaa wenu, usipa, wanapatikana ziwani? Sisi wazima, na mvua inaitendea kahawa vizuri.

Dada, gazeti moja la mtandaoni limeniomba makala juu ya gemu la zamani, uzuri wake na kasoro zake. Nimechagua lile letu la mapanga na uchawi, kwenye kompyuta ya parokia, enzi baba alipokuwa katekista, akitembea na funguo za ofisi mfukoni. Bado unalo lile daftari ulilotafsiria maneno yake? Naliomba. Nimesahau mengi.

Mdogo wako,
Kilian

Lundo, 15 Machi 2024

Kilian mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, ila mgongo unanitesa kwa kuinamia vichanja vya usipa.

Ati bado ninalo! Nitalitupaje? Wewe kidole kwenye kibodi, mimi kamusi mapajani. Kila mtu wa mle akifungua mdomo, unanigeukia, "Dada, anasemaje?" Hata yule binti wa taa anayetangulia njiani ulimpa jina langu, ukacheka mpaka machozi. Nilikuwa kidato cha pili. Kisha kahawa ikagoma, baba akasema atasoma mmoja, nikaletwa huku kwa shangazi. Ukabaki na shule, na kompyuta pia.

Daftari atakuletea binti yangu Glorious. Sitaki kitu. Andika tu jina langu humo.

Dada yako,
Devotha

Mbinga, 2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Daftari limefika, ahsante mno. Jina lako litakuwemo, hilo dogo sana. Ila ukurasa wa mwisho haupo, au umeliwa na panya?

Mdogo wako,
Kilian

Lundo, 9 Juni 2024

Kilian,

Hujaniamkia tangu Aprili, lakini marahaba.

Nimesoma makala yako kwenye simu ya Glorious, mara mbili. Umesifu milima yake, muziki wake, vita vyake. Umeandika kwamba Kiingereza ulijifundisha mwenyewe kwa gemu lile. Mwenyewe! Nimetafuta jina langu juu mpaka chini, kama siku ya matokeo ya mtihani. Halimo.

Kasoro ya kwanza, unasema, watu wake wanaongea mno. Kilian, yale maongezi ndiyo yalikuwa gemu langu. Panga sikulishika hata siku moja, na wala hukuwahi kuniuliza kama nataka.

Kasoro ya pili, eti halina mwisho, linakwamia kwa yule bibi wa langoni, anayeuliza swali na kukataa kila jibu lako. Halikwami. Ukurasa huo haukuliwa na panya, niliuchana mimi. Nilisema moyoni, nikiona jina langu nitakupa. Sasa chukua bure.

Maneno ya bibi niliyatafsiri asubuhi ile nafungasha nguo. Nikasubiri uniulize. Lori likaja, nikapanda, hukuuliza. Ulidhani anataka kujua wewe ni nani, ukawa unaandika Kilian, Kilian, na lango limekufungia miaka yote hii. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Nani amekufikisha hapa? Andika jina lake."

Anataka jina la binti wa taa. Kama hilo nalo umelisahau, nakuandikia hapa chini.

Devotha