Kaka Masanja, Nimenunua Laptop ya Kuchorea na Kuchezea

Kaka yangu Masanja,

Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana naiandika wazi, ili yeyote anayekufahamu akusomee. Namba yako haipatikani, huu mwaka wa nne. Wengine wanasema uko Geita machimboni, wengine wanasema ulivuka kwenda Bukoba, na mama anaamini uko Dar kwa sababu kwake yeye kila aliyepotea yuko Dar. Popote ulipo, nina habari nataka uisikie kutoka kwangu kabla ndugu hawajaipindisha. Nimenunua laptop ya chuo. Nimechukua ile nzito, yenye kadi yake ya picha, inayochora samani na kucheza gemu vilevile. Na nimeichagua mbele ya baba.

Najua umeguna. Ngoja nikusimulie.

Unaikumbuka mashine yako? Uliiunga kwa vipande, kidogo kidogo: boksi ulilipata kwenye ofisi moja pale Nyamagana iliyokuwa inatupa vitu, kioo kilikuwa na mstari wa kijani pembeni, na kibodi haikuwa na herufi N, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeweza kuandika jina lake sawasawa. Ulinikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, mimi niko darasa la sita, ukanipa lile gemu la kujenga. Nikajenga nyumba yangu ya kwanza, najivuna.

Ukaniuliza, "Mtu akiamka kitandani anapita wapi?"

"Hapa."

"Hapo umeweka kabati, Minza. Atapita juu ya kabati?"

Nikabomoa, nikajenga upya. Ukauliza jua la saa kumi litaingilia dirisha gani. Nikabomoa tena. Mara ya tatu ulinikataza kulipasua jiwe kubwa lililokuwa katikati ya kiwanja. Ulisema jiwe likae, nyumba ndiyo ilizunguke, kama wanavyojenga watu wa milimani kwetu. Nilikasirika, lakini nyumba ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Baada ya hapo tulikimbiza magari kwenye gemu jingine mpaka mama akaita chakula, na ulinishinda kila mara bila huruma. Mwalimu wangu wa kwanza wa ubunifu ulikuwa wewe, na darasa lenyewe lilikuwa gemu. Hilo sitaacha mtu alifute.

Halafu msumeno ukamjeruhi baba vidole viwili. Ulikuwa kidato cha nne. Mkono wake ulifungwa miezi mitano, na karakana yake ya useremala pale Mkolani ilikuwa na oda ya madawati ya shule moja ya Kisesa ambayo haikuweza kusubiri. Wewe ndiye uliyesimama pale. Siku tatu kila wiki ulivaa sare asubuhi ili mama asiseme neno, ukafika karakana, ukaivua, ukashika randa. Nilikuwa nakuletea chai. Jioni ulikuwa unarudi na vumbi la mbao kichwani, unakaa kwenye mashine yako saa moja, basi, unalala.

Matokeo yakatoka, umefeli. Baba hakutazama madawati. Alitazama mashine.

"Gemu limemla akili huyu," alisema.

Akaibeba mpaka uani, akaipiga nyundo. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mimi nilikuwa nyuma yake. Wewe hukujitetea hata kwa neno moja. Ulichukua ufagio, ukafagia vipande vyako mwenyewe. Na mimi niliyekuletea chai siku zote zile, niliyeona kila kitu, nilinyamaza. Hilo ni langu, kaka. Simpi mtu mwingine alibebe.

Siku ya tatu ukaondoka na begi moja. Uliniambia, "Usiache kuchora," ukaenda. Tangu hapo jina lako halikutajwa tena nyumbani. Ukawa "yule."

Sasa nimepata nafasi chuo, kusomea ubunifu wa samani na mambo ya ndani. Baba alifurahi mpaka akawaambia wateja ambao hawakuuliza. Lakini chuo kilileta orodha ya mahitaji, na humo kuna laptop yenye kadi ya picha ya peke yake na memori ya giga kumi na sita, kwa sababu programu za kuchorea vitu vya kuzungushwa pande zote haziendi kwenye mashine dhaifu. Baba mkubwa akaja kutushauri, kama kawaida yake, bila kuitwa.

"Zenye nguvu hivyo ni za gemu," alisema. "Mnunulieni ya kawaida. Au mnataka kupoteza wa pili?"

Baba akanigeukia. "Tutanunua ya masomo tu. Na utaniahidi, gemu hakuna."

"Siwezi kuahidi hilo, baba."

Alidhani natania. Kesho yake tulikwenda mjini.

Duka liko mtaa wa nyuma ya soko. Mwenyewe anaitwa dada Rehana, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, na wazazi wake walizaliwa hapa hapa. Alimwamkia baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," na baba akalegea kidogo.

"Ya kazi gani, mdogo wangu?" akaniuliza.

"Ya masomo," akajibu baba.

"Ya masomo na gemu," nikasema.

Dada Rehana alitutazama wote wawili. Akaweka tatu mezani. Mimi nilikuwa nimebeba flashi yenye mchoro wa kiti changu cha mninga, na kipande cha mbao hiyo hiyo nilichokipiga randa mwenyewe na kukipaka mafuta. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya fedha, nyepesi kama daftari. Baba aliipenda palepale. Nikafungua mchoro, nikauzungusha kiti. Kikagandaganda, kisha kikasimama kabisa. Ya pili ilikuwa ya gemu haswa, taa za rangi mpaka kwenye kibodi. Kiti kilizunguka kama pia. Lakini nilipoweka kipande changu kando ya kioo, mninga wa kwenye kioo ulikuwa na rangi ya chungwa.

"Kioo hiki kina mbio, ila rangi kinadanganya," dada Rehana alikubali. "Kwa gemu hutajali. Kwa mbao utajali."

Ya tatu ilikuwa imetumika, imetoka nje ya nchi, mfuniko umechubuka, haina taa hata moja, na chaja yake ni kama tofali. Nikaweka mninga kando ya kioo. Nilitazama mara tatu. Ilikuwa rangi ile ile. Kiti kikazunguka bila kusita. Nikamwomba afungue nyuma nione kama kuna nafasi ya kuongeza memori baadaye; ipo. Nikauliza ubaya wake. Akaniambia ukweli kwamba betri haifiki saa tatu, na feni ikishika kazi darasa zima litasikia.

"Kuna gemu lolote humu?" nikauliza.

Lilikuwapo la magari. Nikacheza mzunguko mmoja, baba amesimama nyuma yangu. Nikawa wa tatu. Wewe ungenicheka.

"Toka nje tuongee," baba alisema.

Tukasimama barazani, watu wanapita na mizigo yao.

"Nilisema ya masomo tu."

"Baba, kadi inayozungusha kiti ndiyo hiyo hiyo inayokimbiza gari. Huwezi kununua moja ukaacha nyingine. Na hata ungeweza, mimi ningecheza."

"Unanijibu?"

"Nakujibu kwa heshima, baba, lakini nakujibu. Masanja hakufelishwa na gemu."

Kaka, nilikuwa na miaka mingi sijalisema jina lako kwa sauti mbele yake. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeitwa ghafla. Nikaona nikisimama hapo sitaanza tena, nikaendelea.

"Mwaka ule mkono wako ulikuwa umefungwa. Madawati ya Kisesa nani aliyatengeneza? Siku alizokosa shule alikuwa karakana kwako. Gemu alicheza saa moja jioni, na vumbi lako kichwani."

Baba alivitazama vidole vyake viwili ambavyo mpaka leo havikunjiki. "Ulikuwa unayajua haya siku zote?"

"Wote tulikuwa tunayajua. Na wewe ulikuwa unayajua."

Nilingoja kofi, au nirudishwe nyumbani mikono mitupu. Akaingia dukani, akatoa hela kwenye mfuko wa shati akaziweka mezani, akamwambia dada Rehana, "Mpe anayoitaka," akatoka, akaenda zake stendi bila kunisubiri. Sikujiona mshindi, kaka. Lakini sikujuta, na hadi leo sijajuta.

Laptop ipo sebuleni. Sikuificha chumbani. Nachora hapo, nacheza hapo, anayepita anaona. Baba mkubwa alikuja wiki ile ile, akanikuta kwenye magari.

"Naona umeanza kama yule."

"Yule anaitwa Masanja, baba mkubwa," nikamwambia. "Shikamoo."

Akaitikia marahaba kwa mazoea tu, akaenda kutafuta chai jikoni. Mama alicheka mpaka akashika mlango.

Zilipita wiki mbili baba akiniongelesha kwa neno moja moja: chumvi, maji, funguo. Kisha Jumamosi moja nilikuwa nachora kitanda cha mteja wake, chenye droo chini, akavuta kigoda akakaa. Akatazama muda mrefu.

"Droo hiyo akiivuta itagonga ukuta," alisema.

Ilikuwa kweli. Nikaihamisha. Nikajua ulikoitoa ile tabia yako ya kuuliza maswali.

Jumapili iliyopita akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mwambie arudi, yameisha."

Mama aliacha kuchambua mchele. Nikasema, "Hayajaisha, baba. Mimi sitaomba radhi kwa niaba yako. Kama una neno kwake, liseme wewe, mimi kazi yangu iwe kuandika tu."

Alinyanyuka, akatoka. Nikamsikia uani anapiga randa kipande cha mbao ambacho hakikuwa cha kazi yoyote. Niliamini nimeharibu. Baada ya muda akasimama mlangoni, maranda yamemshika kifuani, hakuingia ndani.

"Andika hivi," alisema. "Madawati ya Kisesa, yote, alitengeneza Masanja. Walinishukuru mimi, nikapokea. Mashine yake niliivunja mimi, na nilikuwa najua." Akajipangusa maranda kifuani. "Ishia hapo."

Nimeishia hapo, kaka. Sijapunguza wala sijaongeza.

Sikuambii urudi. Walioko hapa wanalitaka hilo, na mimi nalitaka kuliko wote, lakini ulifagia vipande vyako peke yako, kwa hiyo uamuzi ni wako peke yako. Ukichukua miaka mingine, chukua. Atakayekulaumu atanikuta mimi kwanza, na safari hii sitanyamaza. Jina lako linatajwa nyumba hii asubuhi na jioni. Wageni wanaulizia, na tunawajibu.

Ukae salama huko uliko, ule vizuri, usimpe mtu nafasi ya kukusimulia maisha yako kwa uongo. Jumatatu naingia darasani na mzigo wangu mgongoni, feni ipige kelele inavyotaka. Jioni nitacheza.

Mimi mdogo wako,
Minza