Mstari wa Stendi Umepita Juu Yako

Baba Koku,

Mume wangu, sisi tupo, ila tupo tupo tu. Kahawa imezaa, paa halivuji, na mimi bado mzuri, usidanganywe na mtu. Ila nina neno zito, na linakuhusu wewe mwenyewe.

Senta yetu inabomolewa ijengwe upya. Stendi, soko la ghorofa, lami mpaka mlangoni. Na anayeshika ramani ni nani? Koku wako. Afisa mipango miji. Watu wamezaa, Baba Koku, ila sisi tulizaa. Wewe ndiye uliyempeleka shule kwa baiskeli, matope mpaka magotini, na kila aliyekuuliza ukimjibu, "Nampeleka bosi wangu kazini."

Siku ya mkutano nilijifunga kitenge kipya nikakaa mstari wa mbele. Koku akatundika ramani, akaongea bila kusoma karatasi. Mimi niliishia la saba, ramani siijui, naona rangi tu. Kila alipogusa penye rangi nyekundu nikapiga vigelegele. Mama Jeni, jirani yetu muuza ndizi, akanivuta mkono. "Mama Koku, unashangilia nini? Hapo pekundu ndipo stendi itakapopita, ni nyuma ya nyumba yako."

Nyuma ya nyumba yangu ni wewe.

Tangu siku hiyo watu hawaishi mlangoni kwangu. Mama Jeni anauliza meza yake katika soko jipya atapewa nani, maana anayevunjiwa siye anayerudi. Ta Kato, seremala aliyekuchongea sanduku, hajui karakana ataipeleka wapi. Wote wananiambia neno moja: "Tunakutazama wewe. Kaburi la baba yake Koku likibaki, na sisi hatutoki."

Nikamwita mtoto jikoni. Nikamwambia upinde huo mstari, kidogo tu, baba yako asisumbuliwe. Akalia, mtu mzima na cheo chake. "Mama, nikiupinda unaangukia kwa Ta Kato. Nitamwambia nini?" Nilinuna wiki nzima. Nilimpikia, ila sikula naye. Na moyoni, unisamehe, nilikuwa najivuna: hata mama yake mzazi hakumpendelea.

Nduguzo wa kule Kamuli wanataka wakuchukue ukalale kwao. Nimekataa. Mimi nitalala na nani? Utakwenda kibanja chetu cha chini, kwenye migomba yetu kule kijitoni, na nafasi yangu ubavuni kwako nimeshaipima kwa hatua zangu mwenyewe.

Mkutano wa pili nikasimama. Nikasema sawa, anzeni na wa kwangu. Ila kabla katapila halijagusa mgomba hata mmoja, majina ya watakaopewa meza na vyumba yasomwe hapa, mbele ya watu wote, na msomaji awe Koku. Nilimwona mwanangu anainamisha kichwa. Sijui ni aibu au ni shukrani, na sijathubutu kumuuliza.

Majina hayajasomwa mpaka leo. Wanasema yanaandaliwa. Nikiuliza nani anayaandaa, hata Koku anashika ufagio afagie palipokwisha kufagiwa, na huo ufagio wa mtoto wangu ndio unaonitisha kuliko katapila.

Basi ujue hivi. Yasiposomwa, hutoki, na nitaweka kigoda changu hapo ulipo tuone nani atanisogeza. Yakisomwa, watakuja kukufukua, na wewe usishtuke. Nitatembea mbele ya sanduku nikiita jina lako, lile la ubatizo na lile la nyumbani, hatua kwa hatua mpaka kijitoni, usije ukapotea njia ukabaki peke yako katikati ya stendi na makondakta.

Kwa sasa lala, mume wangu. Ikifika siku, hakuna atakayekugusa kabla yangu. Nitakuamsha mimi.

Mkeo,
Mama Koku